Siku tatu bila ndege: kisa cha Septemba 2001 na mawingu ya juu yanayozuia joto

Tarehe 11 Septemba 2001, saa 3:45 asubuhi kwa saa za Washington, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa amri ambayo haikuwahi kutolewa kabla: kila ndege ya kiraia iliyoko angani itue katika uwanja wowote ulio karibu. Ndege zipatazo 4,500 zilikuwa hewani. Ilipofika saa 6:15 mchana, anga ya nchi nzima ilikuwa imekwisha kuondolewa ndege za abiria. Zilizokuwa njiani kutoka Ulaya ziligeuzwa, au zikaelekezwa Kanada. 38 kati yake zilitua Gander, mji mdogo wa kisiwa cha Newfoundland.

Watu karibu 3,000 waliuawa asubuhi ile katika mashambulizi ya kigaidi yaliyosababisha amri hiyo, na mambo ya mawingu ni madogo mbele ya msiba huo. Hata hivyo siku zilizofuata ziliacha kitu ambacho wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wakikitamani bila matumaini ya kukipata. Kwa miaka mingi walikuwa wakijiuliza michirizi myeupe ya ndege inafanya nini kwa joto la nchi iliyo chini yake. Hakuna serikali ambayo ingekubali kusimamisha usafiri wa bara zima ili swali hilo lijibiwe. Sasa usafiri ulikuwa umesimama, vipimajoto vilikuwa mahali pake, na kumbukumbu za miaka thelathini zilikuwepo za kulinganishia.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinatajwa sana na kinaeleweka vibaya. Wapo wanaokisimulia kama ushahidi kwamba ndege zikisimama dunia inapoa. Wapo wanaosema kisa kilivunjwavunjwa na wanasayansi wenyewe, kwa hiyo suala la mawingu ya ndege ni porojo. Pande zote mbili zimeshika kipande kimoja na kuacha kingine. Tukikifuata hatua kwa hatua, kinatuonyesha jinsi mawingu ya juu kabisa, yale membamba ambayo hayaleti hata tone la mvua, yanavyoingia katika hesabu ya joto la dunia.

Kilichopimwa

David Travis wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Whitewater alikuwa ameshachunguza michirizi ya ndege kabla ya siku ile. Yeye na wenzake wawili, Andrew Carleton na Ryan Lauritsen, walikusanya vipimo vya joto kutoka vituo vipatavyo 4,000 vilivyotawanyika Marekani nzima, Alaska na Hawaii zikiachwa nje. Hawakutafuta kama nchi ilipata joto zaidi au ilipoa. Walitafuta kitu kimoja tu: pengo kati ya joto la juu kabisa la mchana na joto la chini kabisa la usiku. Tuliite pengo la siku.

Mantiki yao ilikuwa rahisi. Wingu linapokuwa juu mchana, linapunguza jua linalofika ardhini, hivyo mchana hauwi mkali sana. Linapokuwa juu usiku, linazuia joto la ardhi lisipotee, hivyo usiku hauwi baridi sana. Mchana unashushwa kidogo, usiku unapandishwa kidogo, na pengo linapungua. Kama michirizi inafanya kazi hiyo kila siku juu ya Marekani, basi ikiondolewa pengo linapaswa kupanuka.

Na lilipanuka. Katika jarida la Nature la Agosti 2002 waliripoti kwamba kati ya Septemba 11 na 14 pengo la siku lilizidi wastani wa miaka 1971 hadi 2000 kwa nyuzi 1.1 za Selsiasi. Siku tatu zilizotangulia na siku tatu zilizofuata hazikuonyesha ongezeko hilo. Ukilinganisha nazo, tofauti inafika nyuzi 1.8. Tena ongezeko lilikuwa kubwa zaidi katika maeneo ambayo kwa kawaida hujaa michirizi: majimbo ya Midwest (kaskazini mwa sehemu ya kati), kaskazini mashariki na kaskazini magharibi mwa nchi.

Namba hiyo, 1.1, ikasafiri dunia nzima. Ilitangazwa redioni, runingani na magazetini, na mpaka leo utaikuta katika makala zinazoinakili bila kueleza kwamba ni badiliko la pengo. Wengi wanaisoma kama badiliko la joto lenyewe. Hapo ndipo kosa la kwanza la wasimuliaji linapoanzia. Pengo linaweza kupanuka kwa mchana kupanda, kwa usiku kushuka, au kwa yote mawili, na wastani wa siku nzima ukabaki palepale. Travis hakusema kwamba Marekani ilipoa siku zile.

Wingu la barafu linavyofanya kazi

Kabla ya kuingia kwenye mabishano, ni lazima tulitazame wingu lenyewe.

Mawingu ya juu ya kundi la sirasi hukaa kati ya kilomita 6 na 12 hivi katika nchi za baridi, na karibu na ikweta yanaweza kufika kilomita 16 au zaidi. Huko juu hakuna matone ya maji. Wingu ni fuwele ndogo za barafu, na kwa macho linaonekana kama nyuzi au utaji mweupe unaopitisha jua. Wakati wowote yanafunika takriban robo ya dunia.

Wembamba wake ndio unaotatanisha. Miali ya jua inayoshuka ni ya mawimbi mafupi, na wingu jembamba la barafu huiacha sehemu kubwa ipite. Joto linalorudi kutoka ardhini ni mionzi ya mawimbi marefu, ile isiyoonekana kwa macho, na hiyo barafu huinyonya vizuri sana. Halafu wingu nalo linatoa mionzi yake, lakini linaitoa kwa kadiri ya ubaridi wake. Hesabu ya wanafizikia Stefan na Boltzmann, inayounganisha joto la kitu na mionzi kinayoitoa, iko wazi: uso wenye nyuzi 15, ambazo ni kama wastani wa dunia, hutoa wati 390 kwa kila mita ya mraba, kitu chenye nyuzi 53 chini ya sifuri hutoa wati 133 tu. Wingu lililo kilomita 11 juu linapokea mionzi ya ardhi yenye joto na kupeleka angani mionzi hafifu ya kitu kilichoganda. Tofauti inabaki chini, kwetu.

Kwa hiyo urefu ndio unaoamua tabia ya wingu. Mawingu mazito ya chini, kama yale yanayofunika bahari karibu na pwani ya Namibia na Angola, juu yake ni meupe na yanarudisha jua kwa wingi, huku joto lake likikaribia joto la bahari, basi yanapoza. Mawingu yote ya dunia yakijumlishwa pamoja yanapoza: bila hayo dunia ingepokea takriban wati 20 zaidi kwa kila mita ya mraba. Lakini ndani ya jumla hiyo ya kupoza, mawingu membamba ya juu yanavuta upande wa pili. Yanaongeza joto. Na usiku, ambapo hakuna jua la kurudisha, yanaongeza joto tu.

Mchirizi wa ndege ni wingu la kundi hilihili, ila limeanzishwa na injini. Kila kilo ya mafuta ya ndege inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja ya mvuke wa maji, pamoja na chembe za masizi. Mvuke huo wa moto ukichanganyika na hewa yenye baridi kali, unaganda juu ya masizi. Mtu wa Makete au Limuru anaujua mwanzo wa jambo hili kutokana na pumzi yake asubuhi ya mwezi wa saba. Mjerumani Ernst Schmidt aliandika masharti ya kutokea kwa mchirizi mwaka 1941, Mmarekani Herbert Appleman akayakamilisha mwaka 1953, na hesabu yao bado inatumika: kwa kawaida hewa iwe na ubaridi wa nyuzi 40 chini ya sifuri au zaidi.

Ubaridi peke yake hautoshi. Hewa ikiwa kavu, mchirizi unafutika nyuma ya ndege baada ya dakika moja au mbili. Hewa ikiwa imejaa mvuke kupita kiasi ambacho barafu inahitaji ili isigeuke mvuke, mchirizi hautoweki. Fuwele zinaendelea kunyonya unyevu wa hewa yenyewe, zinakua, upepo unazitawanya, na baada ya saa kadhaa mstari umegeuka kuwa utaji ambao huwezi kuutofautisha na sirasi ya asili. Barafu nyingi ya wingu hilo haikutoka kwenye injini kabisa. Ndege iliwasha tu kile ambacho hewa ilikuwa tayari kukifanya.

Hapa wasomaji wa Afrika Mashariki watauliza kwa nini sisi hatuioni michirizi hii kama wanavyoiona watu wa Ulaya. Ndege ni chache, hilo ni la kwanza. La pili ni kwamba karibu na ikweta ngazi ya hewa imejengwa tofauti: tabaka la chini la angahewa linapanda hadi kilomita 16 au 17, na katika kilomita 10 hewa yetu bado ina nyuzi thelathini na kitu tu chini ya sifuri. Ndege inayopita juu ya Dodoma katika kimo hicho haijafika kwenye baridi inayotakiwa. Ndege hiyohiyo ikifika juu ya Mediterania wakati wa baridi, tayari imeingia katika hewa ya kutengeneza michirizi.

Ushahidi mdogo uliosahaulika

Katika kisa cha Septemba 2001 kuna sehemu ambayo kwangu ni nzito kuliko ile namba ya nyuzi 1.1, ingawa ni nadra kutajwa. Anga haikuwa tupu kabisa. Ndege za kijeshi ziliendelea kuruka, na tarehe 12 Septemba chache kati yake zilipita katika hewa yenye unyevu na baridi juu ya upande wa mashariki wa nchi.

Siku ya kawaida, kufuata mchirizi mmoja kwa setilaiti ni kazi isiyowezekana: iko mingi, inapishana, na ukitazama baada ya saa tatu hujui wingu lipi lilitoka wapi. Siku ile Patrick Minnis na wenzake wa NASA waliweza kuona michirizi ya ndege sita ikiwa peke yake, wakaifuata ikipanuka. Ilisambaa mpaka ikafunika eneo la takriban kilomita za mraba 20,000, ambalo ni kubwa kuliko mkoa wa Kilimanjaro. Hizo ni ndege sita.

Huu ni ushahidi wa aina nyingine. Hauhitaji wastani wa miaka thelathini wala mabishano ya takwimu. Unaonyesha kwamba ndege chache zikipita katika hewa inayofaa zinaweza kuanzisha wingu la ukubwa wa mkoa, mahali ambapo setilaiti haikuona wingu kabla. Mchirizi pia ni wingu la juu la pekee ambalo tunajua dakika lilipozaliwa na kilichoanzisha. Kwa yeyote anayetaka kuelewa sirasi, hiyo ni maabara ambayo asili haitoi.

Pingamizi

Sasa turudi kwenye nyuzi 1.1. Anayekumbuka picha za asubuhi ile ya New York anakumbuka anga ya buluu isiyo na doa. Siku iliyotangulia ukanda wa mvua ulikuwa umepita pwani ya mashariki, ukafuatwa na mgandamizo mkubwa wa hewa kavu. Kimbunga Erin kilikuwa baharini, mbali na nchi kavu. Hewa kavu na anga safi hufanya mchana uwe wa jua kali na usiku uwe wa baridi. Yaani hupanua pengo la siku bila msaada wa mtu yeyote.

Hilo ndilo walilolishika Adam Kalkstein na Robert Balling wa Arizona mwaka 2004. Walipanga aina za hewa zilizokuwa juu ya nchi siku zile, wakakuta kwamba uangavu usio wa kawaida ulitosha kueleza ongezeko la pengo bila kuihusisha michirizi. Travis na wenzake hawakukaa kimya. Mwaka huohuo walitoa uchambuzi wa kanda kwa kanda, wakisisitiza kwamba ongezeko lilifuata ramani ya michirizi ya kawaida. Mwaka 2008 Gang Hong wa Chuo Kikuu cha Texas A&M pamoja na wenzake, Minnis huyohuyo wa NASA akiwemo, walirudia hesabu kwa takwimu za miaka 1971 hadi 2001. Walihitimisha kwamba ongezeko la Septemba 2001 halikutoka nje ya mabadiliko ya asili. Waliona kwamba mawingu ya chini, upepo na unyevu ndivyo vinavyoliongoza pengo la siku, na mchango wa mawingu ya juu ni mdogo. Michirizi huenda iligusa pengo, lakini kwa kiasi kidogo mno kuweza kutenganishwa na mabadiliko ya kawaida ya hali ya hewa. Kundi lililotumia modeli ya kompyuta ya tabianchi iliyotengenezwa Ujerumani mwaka huohuo nalo halikuona athari ya michirizi kwenye pengo la siku.

Maoni yangu ni kwamba pingamizi limeshinda. Siku tatu ni chache mno. Nchi moja, tukio moja, hewa ya aina yake; hakuna takwimu inayoweza kuondoa kasoro hiyo. Nyuzi 1.1 zilipimwa kweli, vipimajoto havikudanganya, lakini sababu iliyopewa namba hiyo haikuthibitishwa, na mwandishi anayeitumia leo bila kutaja kazi ya mwaka 2004 na 2008 anawanyima wasomaji nusu ya habari.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeona hoja mbili zikifungwa pamoja kana kwamba ni moja. Hoja ya kwanza: michirizi ilipunguza pengo la siku kwa kiasi kinachoonekana kwenye vipimajoto. Hoja ya pili: michirizi, kama sirasi nyingine, inazuia joto lisitoke duniani. Ya kwanza imeanguka. Ya pili haikutegemea Septemba 2001 hata kidogo. Inatokana na fizikia ya barafu na mionzi, na inapimwa kwa wati. Mtu anayesema kwamba kisa kimevunjwa, kwa hiyo mawingu ya ndege hayana neno, amefuta hoja ya pili kwa kifutio cha hoja ya kwanza.

Kosa la kuzidisha limetokea pia upande wa pili. Mwaka 2004 Minnis na wenzake waliandika kwamba ongezeko la sirasi juu ya Marekani lingeweza kueleza joto la kupanda kwa nyuzi 0.2 hadi 0.3 kila muongo kati ya 1975 na 1994, ambalo ni karibu ongezeko lote la nchi ile. Wenzao waliwapinga vikali: nguvu ya michirizi kwa wakati ule haikuwa kubwa hivyo, na joto linalozuiwa juu ya nchi moja halikai hapo, husambazwa na upepo.

Kuhesabu kwa wati

Makadirio yanayotumiwa zaidi leo yalichapishwa mwaka 2021 na kundi lililoongozwa na David Lee wa Manchester. Kwa mwaka 2018, mawingu yaliyotokana na michirizi ya ndege yalikuwa yakiongezea dunia miliwati 57 (wati 0.057) kwa kila mita ya mraba. Hewa ya ukaa yote iliyotolewa na ndege tangu usafiri wa anga uanze ilikuwa ikiongeza miliwati 34. Mawingu basi yanaizidi hewa ya ukaa, ingawa kadirio lake lina shaka kubwa: linaweza kuwa 17, linaweza kuwa 98.

Namba hizo mbili hazifanani kwa tabia. Hewa ya ukaa iliyotoka leo itaendelea kuongeza joto kwa karne kadhaa. Wingu la mchirizi linaishi kwa saa. Ndege zote zikiacha kutengeneza michirizi Jumatatu, kufika Jumatano miliwati zile 57 zimeondoka. Ndiyo maana suala hili lina uzito wa kivitendo: ni mojawapo ya mahali pachache katika tabianchi ambapo hatua ya leo inaonekana juma hilohilo.

Saa za safari zina maana kubwa. Nicola Stuber na wenzake wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walikokotoa mwaka 2006 kwa anga ya kusini mashariki mwa Uingereza, wakakuta safari za usiku ni robo tu ya safari zote lakini zinabeba asilimia 60 hadi 80 ya nguvu ya joto ya michirizi. Mchana mchirizi unarudisha jua kidogo na kufidia sehemu ya kile unachozuia. Usiku hakuna fidia. Ndege nyingi zinazotuunganisha na Ulaya huruka usiku, kwa hiyo sisi nasi tumo katika hesabu hii, ingawa wingu lenyewe hutokea mbali na macho yetu.

Tena si kila ndege inahusika. Uchunguzi wa Chuo cha Imperial cha London juu ya anga ya Japani, uliotoka mwaka 2020, ulionyesha kwamba asilimia 2.2 ya safari ilisababisha asilimia 80 ya joto la michirizi. Tabaka za hewa zenye unyevu wa kupita kiasi ni nyembamba, mara nyingi mita mia kadhaa tu kwa unene. Rubani akipanda au kushuka kidogo anatoka ndani yake. Mwaka 2023 American Airlines na Google walijaribu kufanya hivyo katika safari 70, na michirizi ikapungua kwa asilimia 54 kwa gharama ya mafuta kidogo zaidi.

Halafu likaja jaribio ambalo kisa cha 2001 hakikuweza kuwa. Mwaka 2020 korona ilisimamisha zaidi ya nusu ya safari za dunia, kwa miezi mizima. Johannes Quaas wa Leipzig na wenzake walitazama setilaiti kwa majira ya Machi hadi Mei katika nchi za kaskazini, wakakuta sirasi imepungua kwa asilimia 9 hivi katika maeneo yaliyopoteza ndege nyingi. Ruth Digby na wenzake wa Kanada walitafuta badiliko la dunia nzima na hawakuliona kwa uwazi. Sioni mgongano kati ya kazi hizo mbili. Athari ipo pale ndege zilipo. Ukiigawa juu ya dunia nzima, pamoja na mawingu ya asili yanayobadilika mwaka hadi mwaka, inazama. Kama miezi mitatu ya dunia ilitoa jibu gumu hivyo kusomeka, siku tatu za Marekani zisingeweza kutoa jibu la wazi.

Mawingu ya juu ya kwetu

Ndege zinachangia sehemu ndogo. Kiwanda kikuu cha mawingu ya juu duniani ni dhoruba za radi za kitropiki, na bonde la Kongo ni mojawapo ya mahali zinapozaliwa kwa wingi kabisa. Wavuvi wa Mwanza, Kisumu na Entebbe wanazijua dhoruba za usiku za Ziwa Victoria. Nguzo ya wingu ikigonga dari ya kilomita 15 au 16 inakosa pa kupanda, inatandaa pembeni, na kuacha bamba la barafu ambalo linaning'inia saa nyingi baada ya mvua kukatika chini.

Mwaka uleule wa 2002 ambapo Travis alichapisha kazi yake, Dennis Hartmann na Kristin Larson walitoa pendekezo kuhusu mabamba haya, na mimi naona lina uzito kuliko kisa chote cha ndege. Wingu hutandaa pale ambapo mvuke umekuwa mchache mno kuweza kuipoza hewa kwa mionzi, na uchache huo unategemea baridi ya hewa yenyewe. Dunia ikipata joto, kimo chenye baridi hiyo kinahamia juu zaidi, na kilele cha wingu kinakifuata. Ardhi inapata joto, kilele hakipati. Wingu linaendelea kupeleka angani mionzi ileile hafifu wakati ardhi chini yake inatoa zaidi, na kiasi kinachozuiwa kinaongezeka.

Vipimo vya setilaiti vya miaka 1983 hadi 2009, vilivyochambuliwa na Joel Norris na wenzake, vilionyesha vilele vya mawingu ya juu kabisa vikipanda kama ilivyotarajiwa. Ripoti ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ya mwaka 2021 inakadiria kwamba kila nyuzi moja ya joto la dunia inaongezewa takriban wati 0.20 kwa mita ya mraba kwa njia hii peke yake. Kwa joto lililokwisha kupanda, hiyo ni mara kadhaa ya michirizi yote ya ndege. Kinachobaki na utata ni ukubwa wa mabamba: kama yatapungua eneo dunia ikipata joto, yatafungua mlango wa joto kutoka. Richard Lindzen alisema mwaka 2001 kwamba mlango huo utakuwa mpana sana. Ripoti ya IPCC inaupa nafasi ndogo zaidi, ikikiri kwamba kipimo chake bado kina shaka.

Katika yote haya, iwe ni mchirizi au bamba la dhoruba, kinachokosekana zaidi ni kipimo cha unyevu katika kimo cha kilomita 8 hadi 16. Modeli zinaweza kutabiri joto la huko vizuri. Unyevu zinaukosea, na bila unyevu huwezi kujua ndege ipi ipandishwe wala bamba lipi litadumu. Ulaya imeanza kuyataka mashirika ya ndege yafuatilie athari hizi kuanzia Januari 2025, na ndege kadhaa za abiria hubeba vihisi vya unyevu. Barani Afrika vituo vinavyorusha puto za kupima hewa ya juu ni vichache, na juu ya bonde la Kongo, penye dhoruba nyingi kiasi hicho, vipimo vinahesabika. Kituo cha Dagoretti jijini Nairobi kimekuwa kikirusha puto za ozoni tangu miaka ya 1990, puto ambazo pia hubeba kihisi cha unyevu hadi juu ya kimo cha ndege. Vituo vya namna hiyo vikiwa Kisangani, Mwanza na Bujumbura, vikirusha puto kila siku, vingeuingiza unyevu wa anga yetu katika modeli za dunia kwa namba zilizopimwa hapahapa, badala ya makisio.